Mara ya Kwanza Haina Marudio

Tulitoka Ljubljana watatu na kamera ya kuazima:
Gašper, Vid, na mimi, Neža, niliyeitwa mwongozaji
kwa kuwa ni mimi niliyejaza fomu.
Mwalimu alitaka dakika kumi na mbili.
Shirika lilitaka machozi, ingawa halikuyataja;
liliandika: mguso wa kibinadamu, tafadhali,
kabla ya dakika ya tatu.

At-Bashy ilitupokea kwa upepo.
Milima ilikaa pande zote kama wakwe wasiotabasamu.
Tulibeba masanduku sita, miwani jozi mia nne,
na bango la plastiki lenye majina ya wafadhili,
refu kuliko ukuta wowote wa kulitundikia.

Bi Bubusara alikuwa wa kumi na tisa kwenye foleni.
Miaka thelathini na mmoja alishona sare za shule
katika kiwanda ambacho leo ni zizi la kondoo.
Nuru ilimhama polepole, alisema,
kama mpangaji anayetoroka kodi:
leo mto, kesho godoro.
Nurzat, muuguzi, alitufasiria, akapunguza.
Nilijua anapunguza, maana wawili wale walicheka
hadi wakashikana mabega,
nami nikapewa sentensi moja.

Akavaa miwani.
Papo hapo betri ikafa.
Gašper alikuwa magotini, anapekua begi, anatukana kimyakimya,
kwa hiyo hakuna picha ya kilichofuata.
Bibi hakulia.
Hakutazama mlima, hakutazama nyuso zetu
zilizokwisha kujiandaa kutazamwa.
Alinyoosha kidole hadi kiwiko cha koti langu,
akashika mshono uliofumuka tangu Februari,
akatamka neno moja, na safari hii
Nurzat hakupunguza kitu:
“Aibu.”

Betri mpya. Taa nyekundu.
Nikamwomba, kwa adabu yote niliyolelewa nayo,
avue, avae tena, ashangae.
Akanikagua kama fundi anavyokagua kitambaa cha bei rahisi.
“Nimekwisha kuona. Mara ya kwanza haina marudio.
Mume wangu alirudi kutoka jeshini siku moja tu.
Hakuna aliyemwambia atoke nje abishe hodi upya.”
Kisha: “Lete koti.”

Basi tukapiga tulichojaliwa.
Koti langu mapajani mwake.
Uzi mweusi, kwa kuwa wa bluu ulikwisha.
Jiko linalotafuna samadi kavu.
Bwana wa shirika mlangoni, anapunga mikono
kwamba bango halionekani.
Na mimi, shati jepesi, meno yanagongana,
katikati ya fremu,
mhitaji pekee mle ndani.

Usiku upepo uliling’oa bango.
Asubuhi tulilikuta kwa jirani, limefunika nyasi za ng’ombe,
limekazwa kwa kamba na mawe manne,
majina yote yameelekea juu, yanasomwa na theluji.
Gašper alilipiga sekunde arobaini.
Shirika lilizikata zote arobaini.

Mwalimu alisimamisha filamu dakika ya tatu.
“Wema uko wapi hapa? Nani anampa nani?”
Nilikuwa na jibu kwenye daftari, sikulipata ukurasa.
Vid, ambaye husema kwa wiki mara moja,
akaongeza sauti tu:
sindano inapenya, inatoka, inapenya,
na pumzi ya mwanamke anayehesabu
kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua
zaidi ya asante na chumvi.
Tukapewa sita katika kumi.
Alama ya sadaka.

Baridi imerudi. Koti ninalo.
Pale kiwikoni pamekuwa pagumu kuliko koti zima;
nikiegemea meza ya maktaba napasikia.
Jozi kumi na nne zilizosalia
bado zimo sandukuni, chini ya kitanda changu.
Nilimwambia Nurzat nitazituma kabla ya Mei.
Naliandika hili hapa
ili liwe na shahidi.