Zoezi la Tisa

Madawati ya Tononoka ni ya watoto wa darasa la nne;
magoti yangu yapanda hadi kidevuni,
na Kazungu, bawabu wa benki,
amekaa upande kama mtu aliyepanda punda.
Saa moja jioni. Mwalimu Nyawa afuta ubao kwa kiwiko.
Ukurasa wa sitini na mbili. Ufahamu, kisha sarufi.

Bwana Harkin, mtunzi wa riwaya kumi na nne,
miaka themanini na mmoja,
aishi mji wa baridi ambao kitabu hakikuutaja.
Kila asubuhi huketi dirishani,
huchonga penseli tatu,
huzipanga kwa urefu,
halafu huzitazama.
Mwaka wa kumi na moja huu.
Sweta yake ni ya vifungo vitano;
cha pili kutoka juu hakipo.

Maswali yalikuwa sita.
Penseli ngapi? Jirani alimletea supu kwa nini?
Toa kinyume cha neno "kimya".
Hakuna lililouliza habari ya kifungo.
Mimi ni fundi cherehani, Mwembe Tayari,
mwaka wa ishirini na tatu nafunga watu mashati;
swali langu lilikuwa hilo tu,
nikalibana midomoni kama pini.

Kisha sarufi.
Kiingereza, asema Mwalimu, kina nyakati kumi na mbili,
akazichora ubaoni kama ngazi iliyoegemezwa hewani:
lililopita,
lililopita kabla ya lililopita,
lililokuwa likipita lilipokatizwa na jingine.
Batuli akacheka hadi ushungi ukamteleza.
"Watu hawa walikuwa wakihesabu nini?"
"Madeni," akajibu Kazungu.

Jaza mapengo. Pengo la saba:
Bwana Harkin, nafasi tupu, kitabu kingine.
Nikaandika kama tulivyofunzwa:
kitenzi kisaidizi, kikanushi,
kitenzi kikuu katika vazi lake la tatu.
Maneno matatu, alama moja.

Lakini kwetu ni neno moja: hajaandika.
Hiyo ja.
Sema haandiki, na mlango umekomewa.
Sema hakuandika, na nyumba ishauzwa.
Sema hajaandika,
na kuna mtu amekaa kizingitini,
kiatu kimoja mguuni, cha pili mkononi.
Mamangu hunipigia simu kila Ijumaa: "Hujaolewa?"
Nina miaka arobaini na sita.
Ja yake hainiudhi. Yaniweka kwenye orodha.

Nikainua mkono.
Mwalimu, ja yetu, Kiingereza chaiweka wapi?
Akasimama na chaki yake.
Kuna kineno, akasema, chaweza kuongezwa mwishoni,
mwisho kabisa wa sentensi.
Lakini si lazima.

Si lazima.
Nikaiandika pembeni, nikaipigia mstari miwili.

Hapo umeme ukakatika.
Tukawasha tochi za simu,
na Kazungu akasoma tena, kwa sauti, bila kuombwa,
akimwita mzee wa watu Harikini,
polepole, akiruka maneno mawili aliyoyaogopa.
Alipofika kwenye penseli akanyamaza.
"Huyu si mzee," akasema. "Huyu yuko zamu ya usiku.
Hakuna kinachoibiwa, wala hawezi kuondoka."
Mwalimu hakumsahihisha.

Nikapitia dukani kwangu, viazi karai mkononi,
mafuta yakilowesha gazeti.
Kopo la vifungo liko chini ya meza ya kukatia.
Nikamwaga. Vyeupe vya sare za shule, vingi mno;
vya dhahabu vya bendi iliyovunjika bila kulipa;
kimoja cha kahawia, kizito, matundu manne,
sijui kilitoka koti la nani.
Sufu haitaki kifungo chepesi.

Nimekitia ukurasa wa sitini na mbili.
Kitabu sasa hakifungi vizuri.
Kesho tunakusanya madaftari:
pengo la saba nina hakika nalo,
la nane sijalijaza.