Mkunjo wa Nje

Coventry, Februari, saa kumi na mbili alfajiri.
Barafu imeshika vioo vya magari uani
na mimi nimeshika nguo
ambayo hakuna atakayeivaa:
mita moja na robo tatu ya nailoni,
tabaka mbili zilizofumwa kwa pamoja,
zikapakwa silikoni
ili pumzi ikishaingia isiwe na papara ya kutoka.

Beryl Tranter ndiye aliyenifundisha.
Bibi wa bibi yake alifuma tepe za hariri mji huuhuu.
Ana vidole vifupi, na maneno mafupi zaidi.
"Usiigandamize," husema,
"kitambaa kinakumbuka."
Nami kimoyomoyo, kwa lugha yangu:
samaki mkunje angali mbichi.

Wiki tatu tumebishana juu ya mkunjo.
Gurdeep, mtu wa hesabu, anataka wa kwenda na kurudi,
mwembamba, unaolala vyema juu ya mlango
na kushuka wima kama mvua isiyo na upepo.
Kwenye kompyuta yake kila kichwa kimesimama,
kila shingo imenyooka kama ya askari wa gwaride.
Sikuwa na hesabu ya kumjibu.
Nilikuwa na Raya tu.

Jumapili, tukitoka Birmingham, manyunyu,
nilimtazama kwenye kioo cha ndani:
miaka tisa, kiatu kimoja amevua,
shavu limeganda dirishani,
pumzi yake inachora duara la ukungu
linakua, linanywea, linakua.
Kati ya fuvu na kioo
hapakuwa na nafasi ya kupitisha ukucha.
Pazia likishuka wima litamkuta wapi?
Litamtua utosini.
Maili zilizobaki niliendesha
kama mtu aliyebeba mayai.

Jumatatu sikukunja. Niliviringisha,
kama mkeka, mviringo ukielekea nje,
upande wa kioo,
ili likifunguka lishuke likilamba dirisha,
lijipenyeze pale pa ukucha
kama mkono unavyoingizwa chini ya kichwa cha mtoto
bila kumwamsha.
Gurdeep alipima. "Imezidi milimita nne.
Dari haitafunga."
Beryl hakuinua macho:
"Basi ikatwe dari."

Siku ya jaribio tulililaza sanamu,
kichwa kwenye kioo, shavu limepakwa rangi ya bluu
lituambie limegusa wapi.
Nguzo ya chuma ikingoja bila chuki.
Kufumba na kufumbua, tunasema, tukimaanisha upesi.
Hapa ni uzembe:
kope haijaanza safari, pazia limeshajaa.
Nimelelewa kwamba haraka haina baraka.
Hapa baraka yote imo ndani ya haraka,
na baada yake subira, sekunde sita,
kushikilia pumzi
gari likibiringika, likibiringika tena.

Sikuona kitu. Mlio mmoja,
kisha harufu kama ya fataki, na vumbi jeupe.
Ndipo tukaoneshwa picha, polepole:
kitambaa kinashuka kikikwaruza kioo,
kinapata upenyo,
kinaingia.
Tulipolitandaza mezani
bluu ilikuwa doa moja, pana, tulivu,
kama la mtu aliyelalia mto.
Gurdeep alisoma namba za shingo mara mbili,
akaomba kalamu.
Ndoano ya nyuma iliachia, lakini.
Tutarudia Alhamisi.

Jioni Raya akauliza, mdomo umejaa viazi:
"Kazini unafanya nini hasa?"
"Nakunja nguo."
Akatafuna. Akafikiri.
"Halafu nani anazikunjua?"

Nikainuka kutafuta chumvi.
Ilikuwa mezani.