Mgongoni mwa Bikira

Kazi niliyopewa ilikuwa ya kuhesabu tu.
Kanisa linaezuliwa, mabati yanabadilishwa,
kila kilicho kitakatifu kihamie maktaba
kipewe namba kwa penseli.

Nilikuwa na kitabu kimoja cha picha, kizito kama tofali,
Kijerumani kitupu, kurasa zimeshikana kwa unyevu
na kwa vumbi la salfa liingialo dirishani
kila Juni, watu wakipulizia mikorosho.
Maneno sikuyajua. Nikasoma nguo.
Nikaona kwamba wale wa zamani hulikunja vazi
kwa pembe kali, kama karatasi,
na waliokuja baadaye huliachia upepo
hata ndani ya nyumba isiyo na dirisha.
Malaika wao wanene, wananing'inia mawinguni
kama watoto wa kliniki ya Ndanda
siku ya mizani, kila mmoja na mguu hewani,
mmoja yu karibu kulia.

Nikajifunza dhahabu: haina uzito.
Ni utando, mwembamba kuliko ganda la kitunguu,
na chini yake, ili ing'ae kama kitu chenye damu,
hupakwa udongo mwekundu.
Nilikwangua ukingo wa joho la Bikira kwa ukucha
(Padre Wilibald asijue)
nikaiona Newala.

Siku ya Hukumu iko ukurasa wa mia mbili na nne.
Kulia kwa Hakimu wateule,
wametulia kama wastaafu kwenye foleni ya benki.
Kushoto kwake, ambako kwangu mtazamaji ni kulia,
kinywa cha mnyama, chungu,
na ndani ya chungu askofu, kofia bado kichwani.
Nilikaa na ukurasa ule mchana kutwa.
Mkono wangu huu Sista Gaudensia aliufunga kitambaa
nikiwa darasa la pili, fundo mbili, kwa upole.
"Mbuzi ndio husimama huko," alisema.
Sikumchukia.
Mwandiko wangu tu haukurudi.

Baba alikuja Alhamisi, si kwa ajili ya sanaa.
Alidai fedha za mabenchi kumi na mawili, tangu Pasaka.
Padre hayupo, nikamwambia, kaa basi.
Hakukaa. Alimzunguka Bikira
kama anayekagua ng'ombe wa mtu,
akaenda nyuma, ambako hakuna apigaye magoti.

Nyuma ni mtupu. Wamemkomba kama mtumbwi.
"Ili asipasuke," baba alisema,
"kiini cha mti ndicho kiletacho ufa.
Mpingo hauhitaji haya. Lakini huu mkate."
Akaingiza kidole gumba kwenye makovu ya patasi,
mamia, yote yakilala upande mmoja
kama nyasi zilizopitiwa na maji.
Akaguna.
Akajaribu kwa mkono wa kulia, hewani, haikukaa.
Akahamisha.
"Mashoto," alisema. "Huyu ni mashoto, Skola. Kama sisi."

Miaka mia tano, na hapakuwa na aliyeingiza mkono.
Au waliingiza, wakiwa na mkono mwingine.

Kisha: "Walimlipa?"
Nikatazama kitabu. Kimejaa tarehe, majina ya wafalme,
vipimo vya sentimita.
Kitabu hakisemi, baba.
"Haya. Mwambie Padre nilikuja."
Akaondoka na pikipiki ya Kanisius, bila kofia,
unga wa mti mlaini bado kwenye kidole.

Namba kumi na saba. Bikira na Mtoto.
Mti mlaini, rangi, dhahabu; kidole cha Mtoto hakipo.
Karne ya kumi na tano, kwa kukisia mikunjo.
Mahali: ng'ambo.
Fundi: Padre aliniagiza niandike hajulikani.
Niliandika hajulikani.
Nikahamisha penseli
nikaongeza neno moja, likatoka limepinda, la mtoto,
herufi ya mwisho ikaangukia nje ya mstari.