Kumbukumbu za Kikao cha Sitini na Moja

Montevideo, Julai, baridi ya kupenya soksi.
Mto mpana usio na ng'ambo umevaa rangi ya chai ya maziwa,
na mimi, Zulma Etcheverry, mwandishi wa kumbukumbu,
nafungua daftari la nne la kikundi hiki
ambacho mlango wake, kwa kanuni ya kwanza, haufungwi.

Anaingia yeyote, anavuta kiti,
na kabla kiti hakijapata joto anauliza
swali tulilolizika mwaka juzi.
Nasi tunalifukua kwa adabu,
tunalipangusa udongo,
maana mgeni ana haki sawa na mwenyeji
na makaburi yetu hayana mlinzi.

Hoja: nani aruhusiwe kulijua
jina la mtu aliyesajili anwani mtandaoni.
Bwana Aldunate wa polisi anataka "lazima".
Ragnhild, mtetezi wa wanaoandika kwa kujificha,
anataka "inafaa".
Kampuni ya kuuza anwani imeleta mawakili watatu;
wao hawataki neno lolote, wanataka mabano.
Basi "lazima" ikatiwa mabanoni, na "inafaa" mabanoni,
hata mkato uliokuwa katikati ukapewa mabano yake,
sentensi ikabaki kama ng'ombe zizini:
imesimama, inatafuna, haiendi.

Dokta Ocampo, mwenyekiti, hapigishi kura.
Kura ni za bunge, asema, sisi twatafuta mwafaka.
Na mwafaka ni nini?
Ni pale asipokuwepo wa kunung'unika.
Yupo.
Kila siku ni mmoja tu, wala si yule wa jana.

Zamani nilidhani hawaelewani.
Wanaelewana mno; wanamalizana sentensi
kama wanandoa waliochokana.
Ila anayefaidi mambo yalivyo hana haja ya kushinda,
anahitaji kuketi tu,
na kuketi kwake kuna mshahara.
Ragnhild amechukua likizo isiyo na malipo.
Yule kijana wa Asunción, mwenye rasimu bora kuliko zote,
alikuja kwa basi, usiku kucha na mchana wake, mara tatu.
Mara ya nne mlango ulikuwa wazi vilevile.
Nilimwekea kikombe.

Jana usiku tulikula nyama karibu na soko la bandari,
watu kumi na tisa, meza moja. Bili ikaja.
Huyu hakunywa divai, yule hali nyama,
wawili walichelewa, mmoja fedha zake hazibadilishwi hapa.
Nikatazama saa, mazoea ya kazi.
Dakika nne.
Hakuna aliyedai mabano.
Mhudumu Waldemar alisimama pale, mikono kiunoni,
taa za nyuma amekwisha kuzizima,
na basi lake la mwisho ni la saa sita.

Leo asubuhi nikaandika, kifungu cha saba:
"Kikundi hakina mhudumu."
Dokta Ocampo akasoma, akacheka kidogo,
akaishika kalamu kwa muda kuliko ilivyohitajika,
kisha akakifuta: halikusemwa kikaoni.

Kikao kijacho ni Februari.
Upepo wa mtoni unaingia kupitia mlangoni.
Nimevaa koti.
Mtu mpya ameinua mkono.