Mzigo wa Sindano

Mumbua alinitilia rezista kwenye bahasha ya dawa,
jozi tatu, kila jozi imefungwa kwa uzi wa kushonea,
akanionya dukani kwake, ghorofa ya pili, Luthuli,
moshi wa risasi ukimpanda puani:
"Namba ikishuka, mzigo unapanda. Usije ukachanganya.
Elfu arobaini na saba ni kuiacha sindano mikono mitupu,
itapiga kelele kama darasa lisilo na mwalimu.
Mia moja ni gunia. Wewe tafuta panapokaa,
na usitafute kwa macho."

Jumapili. Ngara. Kibaridi cha Julai kimeng'ang'ania vioo.
Mama yuko kwenye kochi na sweta lisilokwisha.
Hajui omu. Hajui kwamba ndani ya katriji hii
kuna koili ya waya mwembamba kuliko unywele wa kichanga,
na kwamba waya huo, usipotwishwa kitu, hutetemeka ovyo.
Anaijua santuri tu,
ile ndogo, yenye tundu kubwa katikati,
aliyoitikia mwaka ambao mimi sikuwa hata wazo,
studio ya Eneo la Viwanda, nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Kwenye lebo jina lake wamelikosea: Nasambo.

Njano, zambarau, chungwa.
Nikashusha mkono wa gramafoni.
Kila "s" ikawashwa kama njiti ya kiberiti,
matoazi yakamwaga misumari sakafuni.
"Nani anakaanga?" Mama akauliza.

Kahawia, nyeusi, kahawia.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husema watu,
na mimi nikalisikia kanda lenyewe:
gitaa limejifunika gubigubi,
besi imewakalia waimbaji, haiombi radhi.
"Sasa wamehama," akasema. "Wako kwa jirani."

Halafu stima ikapotea.
Genereta ya bucha ikaanza kukoroma chini yetu.
Nikangoja gizani na bahasha mkononi,
kidole kimoja kinawaka pale nilipoishika chuma ya kulehemu
kwa upande usiofaa.

Iliporudi, ilikuwa imebaki jozi moja.
Nyekundu, nyekundu, kahawia. Mia mbili na ishirini.

Kabla ya kiitikio kuna pumzi.
Nimeijua tangu utotoni, kupitia spika ya Baba iliyochanika,
na kila mara nilijiambia: huyo ni Mama,
anavuta hewa ambayo siku moja itanijenga mimi.
Safari hii ilikuja kavu, ya karibu,
na mwishoni mwake kikohozi kidogo kilichomezwa.
Hicho sikuwahi kukisikia.

Sindano za kufumia zikasimama.
"Rispa," akasema.

"Si wewe?"

"Mimi nilipumua kwa pua, nilifundishwa kanisani.
Huyo ni Rispa. Alikuwa na kifua.
Maikrofoni ilikuwa moja, tukasimama bega kwa bega,
akanikanyaga kiatu kipya na hakujua.
Santuri ilipotoka, yeye alikuwa ameshazikwa."

Miaka arobaini na mitatu nyumbani kwake
na jina hilo sikuwahi kulisikia.
Pumzi niliyoipenda ilikuwa ya mtu mwingine,
na nisingejua, ila kwa vijiti viwili
vyenye mistari ya rangi, shilingi kumi kila kimoja.

Wimbo ukaisha. Sindano ikabaki kwenye mfereji wa mwisho,
tik, tik, tik, kama mtu anayebisha kwa adabu.

"Niache hapa?" nikauliza.
Hakujibu mara moja. Alihesabu mishono, akakosea, akaanza tena.
"Leo acha, Sitati. Rudisha mwanzo.
Lakini siku ukiniacha peke yangu,
niwekee kale ka gunia."

Jozi ya mia moja ingali kwenye kisahani cha sukari
karibu na miwani yake.
Ameifunga upya, kwa uzi wa sweta,
wa kijani.