Naviacha Nje Usiku

Mwezi wa pili nilikuomba baridi isije.
Nilikuomba kwa magoti, juu ya matuta yenyewe,
blanketi la Eulogio begani, viazi vimetoa maua.
Ikaja.
Asubuhi majani yalikuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto,
na kwa jirani yangu Fortunata, ng'ambo ya ukuta wa mawe,
shamba lilikuwa kijani.
Sikumuuliza yeye alikuomba kwa maneno gani.

Sasa ni mwezi wa sita, nakuomba baridi ije.
Usicheke.
Wanaoishi mabondeni hawayajui haya:
kiazi kichungu cha huku juu hakiliwi
mpaka kigandishwe na usiku, kiyeyushwe na jua,
kikanyagwe kwa miguu mitupu, kigande tena,
hata kiwe chunyo, chepesi kama jiwe la povu,
kiweze kukaa ghalani miaka kumi.
Baridi ile ile.
Mkono ule ule.

Mwomba chumvi huombea chungu chake.
Lakini huku kwetu, Bwana, chumvi si haba:
ukitoka mlangoni macho yanauma kwa weupe wake,
chumvi hadi pale mbingu inapokanyaga ardhi.
Tuliomba mvua, tukabaki na chumvi.
Chungu kipo. Cha kutia ndani ndicho tunachokuomba.

Nimezunguka sana. Nataka kusema juu ya Nayra.

Alikuwa na miaka minne, kifua kikimkoroma
kama birika lililosahauliwa jikoni.
Lori la Don Severo lilikuwa lije saa tatu usiku.
Nikakuomba lori. Basi. Sikukuomba muujiza,
nilikuomba lori lenye matairi manne na dereva asiyelewa.
Lilikuja alfajiri.
Lilipopiga honi nilikuwa nimeshamvika soksi zake nzuri.

Padre Anselmo, ambaye huja kwetu mara tatu kwa mwaka,
alisema Wewe una mpango.
Mama mkwe akasema labda niliomba nikiwa na kinyongo.
Fortunata hakusema kitu. Alileta supu,
akakaa, akachambua mawe kwenye kinoa yangu hadi giza likaingia.
Kama ulinijibu siku hiyo, ulijibu kwa vidole vyake,
na bado nasema: halikuwa jibu la swali langu.

Mwaka mzima sikukusemesha.
Nilipita mbele ya kanisa dogo nimefunga mdomo
kama mtu apitaye mbele ya duka anakodaiwa,
ila safari hii mdai nilikuwa mimi.
Kisha usiku mmoja, nikimtafuta lama aliyepotea,
nikajikuta nanung'unika, "Niangazie basi,"
na sikujua nasema na nani
mpaka nilipoisikia hasira yangu:
haikuwa ya mtu anayeongea na upepo.
Mwezi haukutoka.
Lama nilimpata kwa kujikwaa naye.

Sikuelewa, na sijaelewa.
Jalidi naijua faida yake. Usiku ule siujui faida,
na atakayenilinganishia vitu hivi viwili
nitamfukuza uani kwangu, hata akiwa padre.

Lakini jioni hii nimetandaza viazi juu ya majani makavu,
vile vichache vilivyosalia chini ya matuta,
kimoja kimoja, visigusane,
chakula chote tulicho nacho, uwanjani, bila paa, bila mlinzi.
Upande wa magharibi kuna mawingu.
Yakitufunika, baridi haitauma, vitaoza.
Eulogio ameuliza, "Tuviingize?"
Nimemwambia, "Viache."
Ni neno dogo. Limenichukua miaka miwili kulitamka.

Nimevua viatu, nimeviweka kando ya mlango.
Ukija, alfajiri nitakanyaga.
Usipokuja, nitatoka vile vile,
miguu mitupu,
nione.