Nusu ya Saba

Alhamisi, Paisley, juu ya duka la kinyozi.
Mvua inachapa dirisha la darini, hita inakohoa,
na Ruaridh amesimama, kitabu mkononi,
kidole juu ya mstari mmoja
ukurasa wa mia moja tisini na nne.
Chipsi zake zimepoa. Siki imelowesha ramani
pale penye daraja.

Mstari wenyewe mfupi:
moto humdhuru kila aingiaye ndani yake.
Basi. Nukta. Mwandishi kaenda zake kulala.

Sasa Ishbel, mchawi wetu, mchana muuza miwani,
kamsukuma zimwi motoni kwa upepo,
Dougal kamvuta nje kwa mnyororo,
Ishbel kamsukuma tena.
"Kaingia mara mbili, aungue mara mbili."
"Mara moja kwa zamu!" Ruaridh leo wakili wa zimwi,
kwa kuwa wiki jana moto huohuo ulimla farasi wake
na hakuna aliyempa pole.
Dougal, asiyependa ugomvi,
anapanga dadu kwa rangi.

Kisha wote wananigeukia. Mwamuzi ni mimi,
nyuma ya kibao cha kukunja kinachoficha hesabu zangu.

Nami, kama kawaida, nimeshaupeleka mstari kwetu,
niupime kwa lugha iliyoninyonyesha.
Kwetu kitenzi hakikubali uvivu:
kuingia ni kwa miguu yako,
kuingizwa kuna mkono wa mtu.
Silabi moja tu, na mzigo umehama bega.
Kiingereza cha kitabu hiki
kimewavisha wote wawili koti moja.

Jumanne nilikuwa Glasgow, chumba kisicho na dirisha,
mkalimani wa kulipwa kwa saa.
Mama mmoja, mkoba magotini, alisema: niliingizwa.
Nikalitafsiri neno lake kwa maneno saba,
polepole, lisimwagike.
Karani akaandika moja.
Nililisoma kichwa chini miguu juu, kutoka upande wangu wa meza:
aliingia.
Nikainua mkono.
Nikaambiwa niushushe.

"Saumu?" Dougal ananigusa kiwiko. "Zimwi yu hai?"

Nikahukumu: aliyesukumwa hakuingia.
Ataungua zamu yake ikianza naye angali humo,
si kabla, hata mkimsukuma mara kumi.
Ishbel akasema huo ni upuuzi,
kwamba moto haumuulizi mtu amefikaje.
Na hapo, lazima nikiri, alisema kweli.
Moto hauulizi.
Wanaouliza ni wenye vitabu.

Zamu ya zimwi ikafika, angali humo.
Dadu likabiringika hadi kwenye siki, likatua: saba.
Ngozi yake ya kinamasi hupokea nusu tu.
"Tatu na nusu," akasema Ruaridh, kwa sauti ya mazishi,
na kitabu, kigugumizi siku zote,
hapa kilinena wazi kama kengele:
kipande chochote kitupwe.

Kitupwe wapi? Hakisemi.

Nikatangaza tatu. Wakashangilia, wakalaani,
Dougal akala chipsi baridi za mwenzake.
Nami nyuma ya kibao, kwa penseli,
pembeni mwa jina la zimwi,
nikaiandika ile nusu.